Volkswagen Beetle inayozima kila inaposimama: valvu kwanza, kabureta mwisho

Tatizo lenyewe linajulikana na kila aliyewahi kumiliki gari la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Injini inawaka asubuhi, gari linakimbia barabarani bila taabu kubwa, lakini likifika kwenye taa au kwenye foleni linatetemeka, mlio unashuka, kisha linazima. Dawa inayotolewa mara nyingi ni moja: bisibisi inaingizwa kwenye skrubu ya kabureta, mafuta yanaongezwa mpaka injini iache kuzima, na mwenye gari anaondoka akidhani kazi imekwisha. Baada ya siku chache anarudi akilalamika kwamba gari linakunywa mafuta, linachelewa kushusha mzunguko anapoachia pedali, na bado linazima likishapata moto. Mwongozo huu unaeleza kwa nini njia hiyo haiponyi ugonjwa, na ni hatua zipi zifuatwe, kwa mpangilio upi, ili injini ikae kwenye sailensa, yaani mzunguko wake wa chini pale dereva anapokuwa hajakanyaga pedali ya mafuta.

Nitatumia injini moja tu, kwa sababu vipimo vya injini moja havifai kubebwa kwenda kwenye nyingine. Ni ile ya Volkswagen Beetle 1600, yenye ujazo wa sentimita 1,584, matundu mawili ya kuingiza hewa kwenye kila kichwa cha silinda, na kabureta ya Solex 34 PICT-3, ambayo ilianza kufungwa kwenye magari ya mwaka 1971. Gari hili lina historia ndefu kwetu: mwaka 1962 Beetle ilishinda mashindano ya East African Safari kwenye barabara ambazo nyingi hazikuwa na lami, na zipo ambazo hadi leo zinatembea mikononi mwa watu wanaozipenda. Mwenye injini nyingine ya kabureta anaweza kufuata mpangilio huu huu wa kazi, ila namba azitoe kwenye kitabu cha gari lake.

Kwa nini skrubu ya kabureta hudanganya

Ndani ya kabureta kuna kipepeo, kile kibamba cha duara kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Kwenye 34 PICT-3, injini ikiwa sailensa, kipepeo kinatakiwa kiwe karibu kimefungwa kabisa. Hewa ya sailensa haipiti kandokando ya kipepeo bali hupita kwenye njia yake ya pembeni, na njia hiyo inasimamiwa na skrubu kubwa iliyo ubavuni mwa kabureta. Chini yake kuna skrubu ndogo, ambayo hupima kiasi cha mchanganyiko wa mafuta. Skrubu ya tatu iko kwenye mkono wa kipepeo, inagusa kile kigurudumu chenye ngazi cha choki, na hiyo ndiyo ambayo karibu kila mtu hukimbilia kuigeuza kwa sababu inaonekana kirahisi na matokeo yake yanasikika papo hapo.

Madhara yake ni haya. Karibu na ukingo wa kipepeo yapo matundu madogo ya aina mbili. Ya kwanza humwaga mafuta pale dereva anapoanza kukanyaga, ili injini isishtuke. Lingine huvuta mpira wa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, unaokwenda kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi, ili kuipeleka taimingi, yaani wakati wa cheche kutokea, mbele gari linapokuwa mwendoni. Ukikaza skrubu ya kipepeo, matundu hayo yanafunuliwa wakati gari limesimama. Mafuta yanaanza kutoka mahali ambapo skrubu ndogo ya mchanganyiko haina mamlaka napo, kwa hiyo utaigeuza mpaka uchoke na injini haitajibu chochote. Na papo hapo vakyumu inaivuta taimingi mbele wakati ambapo haikupaswa kusogea. Sasa una gari lenye kasoro tatu: ile ya kwanza iliyosababisha kuzima, kabureta iliyovurugwa, na taimingi inayoyumba. Atakayekuja kulitengeneza baadaye atahangaika, kwa sababu kila kasoro inaificha mwenzake.

Mara nyingi kasoro ya kwanza haikuwa kwenye kabureta hata kidogo. Taimingi iliyochelewa peke yake inatosha kushusha mzunguko wa injini mpaka izime, na pointi zilizolika, vile vidude vya ndani ya distribyuta vinavyofunga na kufunguka ili cheche itokee, huichelewesha taimingi kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, bila dereva kutambua. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: valvu, kisha pointi, kisha taimingi, kisha uvujaji wa hewa, na kabureta iguswe mwisho kabisa. Anayeruka hatua atalazimika kurudia yote.

Vifaa na tahadhari

Hakuna kifaa cha ajabu kinachohitajika. Uwe na spana za kawaida, bisibisi bapa, fila, yaani zile bamba nyembamba za kupimia nafasi, balbu ya volti 12 iliyounganishwa waya mbili, chokaa au rangi nyeupe ya kutia alama, na ikiwezekana taa ya taimingi pamoja na kipima mizunguko.

Kuhusu moto ninaomba msomaji anisikilize kwa makini. Injini ya Beetle iko nyuma, imefungiwa kwenye nafasi ndogo, na mipira ya petroli hupita karibu na distribyuta. Mipira ya zamani iliyofumwa kwa uzi hupasuka kwa ndani bila kuonekana kwa nje, na kile kibomba kifupi cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta huweza kulegea na kuchomoka. Kabla ya kuanza kazi yoyote, jaribu kukizungusha kwa vidole. Kikicheza, gari lisiwashwe mpaka kikazwe. Badilisha mipira yote yenye shaka, weka vibano kwenye kila ncha, na uwe na kizimamoto karibu. Injini ikiwa inaunguruma, shati lisining'inie na mikono ikae mbali na mkanda wa feni.

Valvu

Hatua hii hurukwa na wengi kwa kuwa inachafua mikono, ilhali valvu iliyokaza haiwezi kusahihishwa na kabureta yoyote duniani. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.15 kwa valvu zote, na hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana baada ya kulala usiku mzima.

Silinda namba 1 ni ya mbele upande wa kulia wa gari, namba 2 iko nyuma yake. Namba 3 ni ya mbele kushoto, na namba 4 iko nyuma yake. Ondoa kifuniko cha distribyuta, zungusha puli ya krenki, lile gurudumu la mkanda wa feni, mpaka rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta, ielekee kwenye mfuo mdogo uliochongwa ukingoni mwa distribyuta na alama ya kilele, yaani pale pistoni inapofika mwisho wa safari yake kuelekea kichwa cha silinda, kwenye puli ikae mkabala na mshono wa bloku, pale nusu mbili za bloku zinapokutana. Hapo valvu mbili za silinda 1 zimefunga na zinaweza kupimwa. Ukimaliza, izungushe puli nusu mzunguko kinyume na mshale wa saa, upime silinda 2, kisha nusu nyingine kwa silinda 3, na nusu nyingine kwa silinda 4. Kurudi nyuma hivyo hukuwezesha kuzifuata silinda kwa namba zake, kwa sababu mpangilio wa uwakaji wa injini hii ni 1-4-3-2.

Chunguza zaidi valvu ya ekzosi ya silinda 3. Kwenye injini za zamani ambazo kipoza oili kilikaa ndani ya njia ya hewa ya upande huo, silinda hiyo ilipata joto kuliko wenzake, na valvu yake ndiyo iliyokuwa ikiungua kwanza. Ukiikuta imekaza tena muda mfupi baada ya kurekebishwa, valvu inavutika, na kichwa cha silinda kishushwe kabla haijakatika na kutoboa pistoni.

Pointi, kondensa na njia ya umeme

Fungua distribyuta uangalie nyuso za pointi. Zikiwa na rangi ya kijivu na tambarare, zina afya. Zikiwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, au zimeungua na kuwa za bluu, zibadilishe pamoja na kondensa, kile kikopo kidogo kinachozikinga na cheche, kwa maana kondensa iliyochoka ndiyo inayoziunguza. Kusugua pointi kwa msasa ni msaada wa njiani tu. Nafasi ya pointi ni milimita 0.4, na hupimwa pale kisigino cha pointi kinapokuwa juu kabisa ya pembe ya mhimili. Ukiwa na kipimo cha pembe ya kufunga, yaani digrii ambazo mhimili huzunguka pointi zikiwa zimefunga, soma kati ya digrii 44 na 50. Paka grisi kidogo sana kwenye mhimili ili kisigino kisilike haraka. Ikizidi, itarukia kwenye pointi na kuzichafua.

Jambo la kukumbuka daima ni kwamba nafasi ya pointi na taimingi haviachani. Nafasi ikipanuka, pointi hufunguka mapema na taimingi huenda mbele. Ikipungua kwa sababu kisigino kimelika, taimingi hurudi nyuma. Kwa hiyo hakuna maana ya kupanga taimingi kisha kugusa pointi.

Shika mhimili wa distribyuta uusukume kulia na kushoto. Ukicheza, nafasi ya pointi inabadilika kwa kila silinda na injini haitatulia hata ukifanya nini. Tiba yake ni bushi mpya au distribyuta nyingine. Kagua kifuniko kwa ndani ukitafuta mistari myembamba ya ufa, hakikisha kile kijiti cha kaboni katikati bado kinarudi kwa springi yake, na usafishe rota. Pwani, ambako unyevu na chumvi vipo hewani, cheche mara nyingi hutoroka juu ya kifuniko na nyaya; gari likiwashwa gizani utaziona kwa macho yako. Plagi ziwe na nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7.

Neno moja kuhusu vipuri: pointi na kondensa nyingi zinazouzwa leo ni dhaifu kuliko zile za zamani. Kondensa nzima uliyoitoa kwenye gari usiitupe. Ifunge kwenye kitambaa uiweke ndani ya gari, kwa sababu mpya ikifa njiani utairudisha ile ya zamani na kufika uendako.

Kutambua distribyuta na kipimo chake

Kabla ya kupanga taimingi lazima ujue una distribyuta ipi, kwa kuwa gari hubadilishiwa vipuri mara nyingi katika umri wake na si ajabu kukuta namba ya kitabu haihusiani na kilichofungwa.

Distribyuta yenye mpira mmoja wa vakyumu hupangwa kwa kawaida digrii 7.5 kabla ya kilele, mpira ukiwa umechomolewa na ncha yake kuzibwa. Ile yenye mipira miwili, ambayo Volkswagen iliifunga kwenye magari mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kupunguza moshi, hupangwa digrii 5 baada ya kilele, mipira yote miwili ikiwa mahali pake. Nimewaona watu wakiipanga hii ya pili kwa kipimo cha ile ya kwanza, mipira ikiwa imeunganishwa, na injini ikaanza kugonga, yaani kutoa mlio mkavu wa mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda, kwenye vilima. Tofauti ya digrii 12.5 si jambo dogo. Aina ya tatu haina mpira wowote na hutegemea vizito vya ndani tu. Ni ile ya Bosch inayojulikana kwa tarakimu zake za mwisho, 009. Hii hupangwa kwa kipimo cha juu, digrii 30 hadi 32 kabla ya kilele injini ikiwa kwenye mizunguko 3,500 hivi kwa dakika. Ikifungwa pamoja na kabureta ya 34 PICT-3 huleta kusita pale unapoanza kukanyaga mafuta, na kusita huko hakuondoki kabisa kwa marekebisho. Ushauri wangu kwa mwenye nayo ni kutafuta distribyuta yenye vakyumu badala ya kuendelea kuiongezea kabureta mafuta.

Puli nyingine hazina alama za kuaminika. Ikiwa yako ni hivyo, pata kilele cha pistoni ya silinda 1, weka alama kwenye puli mkabala na mshono wa bloku, kisha pima mzingo wa puli kwa tepu. Mzingo huo ukiugawa kwa 48 unapata umbali wa digrii 7.5, ukiugawa kwa 12 unapata digrii 30. Ukisimama nyuma ya gari ukiitazama puli, inazunguka kufuata mshale wa saa, kwa hiyo alama za kabla ya kilele zinakaa kulia kwa alama ya kilele, na alama ya baada ya kilele inakaa kushoto. Zipake rangi nyeupe ili zionekane.

Kupanga taimingi kwa balbu

Njia ya balbu inatosha kabisa kwa distribyuta ya mpira mmoja, na haihitaji injini kuwaka. Unganisha waya mmoja wa balbu kwenye kichwa cha koili, kifaa kinachopandisha umeme wa cheche, chenye namba 1, kile kinachokwenda kwenye distribyuta, na waya wa pili kwenye chuma kisafi cha injini. Zungusha puli kufuata mshale wa saa mpaka alama ya digrii 7.5 ikae sawasawa na mshono wa bloku huku rota ikielekea kwenye mfuo wa silinda 1. Ukiipita alama, usirudi nyuma kidogo tu ukaridhika. Rudi robo mzunguko kisha uje tena kwa mwelekeo sahihi, ili ulegevu wa meno ya gia usikupotoshe.

Legeza nati ya kibano cha distribyuta na uwashe swichi bila kupiga stata. Zungusha mwili wa distribyuta kufuata mshale wa saa mpaka balbu izime, maana yake pointi zimefunga. Sasa uzungushe taratibu kinyume na mshale wa saa. Pale pale balbu inapowaka, pointi zimefunguka, na hapo ndipo cheche hutokea. Simama, kaza kibano bila kuusogeza mwili, kisha zungusha injini mizunguko miwili kamili na uone kama balbu inawaka alama inapofika kwenye mshono. Ikiwaka mapema au baadaye, rudia. Usiiache swichi ikiwa imewashwa muda mrefu pointi zikiwa zimefunga, kwa kuwa koili hupata moto na kuharibika.

Ukihitaji kukumbuka mwelekeo: rota hugeuka kufuata mshale wa saa, basi kuupeleka mwili wa distribyuta upande huo huo huichelewesha taimingi, na kuupeleka kinyume huisogeza mbele.

Mwenye taa ya taimingi aiunganishe kwenye waya wa plagi ya silinda 1 na kusoma injini ikiwa imepata moto, kwenye mizunguko 800 hadi 900. Taa ina faida mbili ambazo balbu haina. Kwanza, inaonyesha kama alama inatulia mahali pamoja. Ikirukaruka, mhimili wa distribyuta umelika. Pili, inakuwezesha kuona kama taimingi inakwenda mbele unapoongeza mafuta. Kwa distribyuta ya mpira mmoja, mpira ukiwa umezibwa, kwenye mizunguko 3,500 alama inapaswa kufika kati ya digrii 28 na 32 kabla ya kilele. Isipofika, vizito vya ndani vimekwama kwa uchafu na grisi kavu. Ikipita 32, rudisha nyuma hata kama sailensa itashuka kidogo, kwa kuwa injini inayopozwa kwa hewa haina uvumilivu wa kugonga, na pistoni iliyotoboka ni gharama kubwa kuliko sailensa isiyopendeza.

Vakyumu nayo ipimwe. Chomoa mpira kwenye kabureta, uvute hewa kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi: bamba la pointi linapaswa kusogea na kubaki liliposogea. Likirudi, ngozi ya ndani imepasuka. Kwenye distribyuta ya mipira miwili, chomoa mpira wa upande wa ndani injini ikiwa sailensa; taimingi inapaswa kuruka mbele na mzunguko kupanda. Pasipotokea badiliko lolote, ngozi ya kuchelewesha imekufa, na ndiyo maana ulikuwa hupati kipimo kilichoandikwa.

Hewa ya wizi

Sasa washa injini na usikilize. Sailensa inayopanda na kushuka yenyewe bila mtu kugusa kitu, au injini inayotulia pale tu choki inapokuwa imefunga, huwa inavuta hewa ambayo haikupitia kwenye kabureta. Sehemu zenye mashaka ni mipira miwili inayounganisha bomba la katikati na ncha za menifoldi kulia na kushoto, gasketi za menifoldi kwenye vichwa vya silinda, gasketi iliyo chini ya kabureta, na mipira ya vakyumu. Mipira hiyo miwili ya menifoldi hukauka na kupasuka upande wa chini, ambako jicho halifiki, basi ipapase kwa vidole.

Nyunyizia maji ya sabuni mahali pamoja kwa wakati mmoja na usikilize mlio. Ukibadilika, au povu likivutwa ndani, umepata tundu. Wapo wanaotumia petroli kwa jaribio hili. Usifanye hivyo juu ya injini ya moto.

Tundu ambalo watu hulisahau ni ule mhimili wa kipepeo wenyewe. Kwenye kabureta za miaka mingi, chuma hulika na mhimili hucheza, hewa inaingia pembeni, na sailensa haikai sawa mara mbili mfululizo. Hilo halizibwi kwa gundi. Kabureta ipelekwe kwa mchonga vyuma atie bushi mpya.

Kabureta

Ukifika hapa ukiwa umefuata mpangilio, kazi iliyobaki ni fupi. Injini ipate moto, na uhakikishe choki ya umeme imefunguka kabisa, kwa sababu choki iliyokwama huiweka skrubu ya kipepeo juu ya ngazi na sailensa hubaki juu. Kama injini inaunguruma vizuri ukikanyaga lakini inazima mara tu unapoachia, tazama kwanza vali ya umeme ya kukata mafuta ya sailensa. Swichi ikiwa imewashwa, chomoa waya wake na kuurudisha. Usiposikia mgongano mdogo wa chuma, ama umeme haufiki au vali imekufa. Ikiwa inagonga, toa jeti ya sailensa, kile kijiti chenye tundu dogo la kupimia mafuta, uipulize kwa upepo. Usiichokonoe kwa waya, maana tundu lake likipanuka haliwi jeti tena.

Zima injini. Legeza skrubu ya kipepeo mpaka iache kugusa kigurudumu cha choki, kisha ikaze mpaka iguse, na kutoka hapo uikaze robo mzunguko. Ukishaiweka hapo, iache. Skrubu ndogo ya mchanganyiko ikaze taratibu mpaka ifike mwisho, bila kutumia nguvu kwa kuwa ncha yake huharibika, halafu uifungue mizunguko miwili na nusu.

Washa, na kwa skrubu kubwa ulete mzunguko kwenye 850. Kisha geuza skrubu ndogo huku na huku polepole, ukiipa injini nafasi ya kujibu kila mara, mpaka upate mzunguko wa juu kabisa inaoweza kuutoa. Kutoka hapo, ikaze kidogo kidogo mpaka mzunguko ushuke kwa 20 hadi 30. Mwisho, urudishe mzunguko kwenye 850 kwa skrubu kubwa. Kama skrubu ndogo haileti badiliko lolote, jeti imeziba, hewa inaingia mahali fulani, au mtu ameigusa tena skrubu ya kipepeo.

Injini ikiwa bado inatetemeka baada ya yote haya, chomoa waya za plagi moja moja kwa koleo yenye mpini wa mpira, ukiigusisha kila moja kwenye chuma ili umeme upate njia. Kila silinda inapozimwa mzunguko ushuke kwa kiasi kinacholingana. Silinda isiyoleta tofauti ndiyo yenye ugonjwa, na kipimo cha mgandamizo kitakuambia kama ni valvu au ringi.

Kusoma matokeo barabarani

Endesha gari kilomita 20 hivi, likiwemo eneo la kilima, kisha toa plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta mengi au choki isiyofunguka. Weupe unaonyesha mafuta machache, hewa ya wizi, au taimingi isiyo sahihi. Injini inayogonga kwa mlio mkavu unapopanda kilima kwa gia kubwa ina taimingi iliyokwenda mbele mno. Ile inayopata joto kupita kiasi, isiyo na nguvu, na inayopiga milipuko kwenye ekzosi unapoachia mafuta, mara nyingi taimingi yake imechelewa, ingawa ekzosi inayovuja kwenye maungio nayo huleta mlio kama huo.

Mwinuko wa nchi nao una sehemu yake. Kwenye miji iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, kama Nairobi na Mbeya, hewa imepungua uzito kwa takribani asilimia 15 ikilinganishwa na pwani, na kabureta haina namna ya kulitambua hilo. Gari lililopangwa Dar es Salaam likifika Mbeya litakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, na sailensa yake itakuwa nzito. Kaza skrubu ndogo kidogo ukirudia jaribio la mzunguko wa juu, kisha urekebishe skrubu kubwa. Lililopangwa Nairobi likishuka Mombasa lina hatari zaidi, kwa kuwa mchanganyiko wake utakuwa mwepesi na injini itachemka kwenye joto la pwani. Fungua skrubu ndogo kwa kiasi kilekile, na usikilize kama injini inagonga unapoongeza mwendo; ikigonga, irudishe taimingi digrii mbili nyuma kwa muda utakaokuwa huko.

Skrubu hizo mbili zinasahihisha sailensa peke yake. Mwenye kuhamia mahali pa mwinuko tofauti kwa kudumu abadilishe na jeti kuu pia, kwani hiyo ndiyo inayolisha injini gari likiwa kwenye mwendo mkubwa.